Mgeni wa Abu Nawaf

Siku ya tatu Bwana Holmer alichukuliwa alama za vidole, vyote kumi, na akatoka amefurahi kama aliyevishwa nishani.

"Umeona, Alfayo?" alisema akijifunga mkanda. "Hii ndiyo nchi. Mtu haingii hivi hivi. Kwetu Ulaya anaingia yeyote, halafu Brussels inatuambia tumweke wapi."

Alfayo aliwasha gari. Huu ulikuwa mwaka wake wa saba kumwendesha Abu Nawaf hapa Riyadh, na hajawahi kuona mgeni wa mkutano akipelekwa kuchukuliwa alama za vidole. Hakuuliza. Alikuwa na lake.

Lake lilikuwa pasipoti. Abu Nawaf aliichukua siku ile ile Alfayo alipotua, na mkataba ulikuwa umekwisha tangu miaka miwili iliyopita. Kila alipoiomba alipata jibu moja: "Dereva mwingine mafi, hakuna, Alfayo. Nikipata, halas, yamekwisha, unakwenda." Jumamosi hii bintiye Fridah anaolewa huko Vihiga, na ameapa kwamba baba yake asipomshika mkono, ataingia kanisani peke yake. Kisha wiki hii, ghafla, bosi akalegea. Mhudumie mgeni huyu, alisema, Alhamisi umfikishe uwanja wa ndege wa Jeddah, na pasipoti yako utaikuta huko.

Bwana Holmer alikuwa mbunge katika Bunge la Ulaya, kutoka nchi ndogo ya kaskazini. Abu Nawaf ndiye aliyemwalika ahutubie mkutano wake. Mbunge alikaa kiti cha mbele, akauliza habari za nyumbani, akakumbuka majina ya watoto. Alfayo alimpenda, na hapo ndipo palipomtesa baadaye.

"Kwa nini karani wa Brussels amwambie mkulima wetu atie mbolea kiasi gani?" mbunge aliuliza. "Na sasa wanataka kutunyang'anya kura ya turufu, ili nchi ndogo ikisema hapana, isisikike."

Alfayo alikulia kwenye shamba la chai ambalo bei yake hupangwa na watu wasiojulikana. Aliitikia kwa moyo wote.

"Pasipoti yako iko wapi?" mbunge akauliza.

"Kwa bosi."

"Safi. Kila mgeni awe na mtu mmoja wa kumjibia. Jumatatu nina hotuba bungeni, nitalisema hilo."

Neno lile lilimchoma Alfayo. Baada ya taa mbili tatu za barabarani aliuliza, "Na yako, bwana?"

"Nilimpa Abu Nawaf siku niliyofika. Inahitajika hotelini."

Alfayo, siku yake ya kwanza, aliambiwa inahitajika ofisini.

Siku ya nne, kwa amri ya bosi, alimpeleka mgeni kliniki. Mbunge alitolewa damu, akapigwa picha ya kifua, akasifu tena: kwao wageni hawapimwi hata homa. Ilikuwa kliniki ile ile alikopimwa Alfayo mwaka wa kwanza, na benchi lilikuwa lile lile. Walipotoka, Alfayo alimpa karatasi tatu alizotumwa nazo, zote za Kiarabu.

"Za nini hizi?"

"Bosi amesema ni za mkutano."

Bwana Holmer alizitia sahihi juu ya boneti bila kuvua miwani ya jua. Alfayo naye aliwahi kutia sahihi karatasi tatu. Alifungua mdomo aseme, kisha akamwona Fridah mlangoni mwa kanisa, akaufunga. Aliona aibu, lakini aliufunga.

Jumatano asubuhi walishika barabara ya Jeddah, safari ya siku nzima. Katikati ya jangwa mbunge aliomba usukani. Alisema ana miaka mingi hajaendesha barabara iliyonyooka namna hii. Alfayo akampisha, na mzungu akaendesha hadi Taif, akashuka kona za mlima taratibu, bila kumrusha abiria hata mara moja.

Simu ya Abu Nawaf ikaita.

"Nani anaendesha?"

Alfayo akajitetea. "Mgeni, bosi. Ameomba mwenyewe."

Bosi akauliza, "Anaendesha vizuri?"

Hakugombezwa! Alfayo akacheka kwa furaha. "Kunishinda mimi, bosi."

"Kabisa?"

"Kabisa."

"Halas," alisema Abu Nawaf, akakata.

Alhamisi saa tisa alasiri Victor, Mkenya anayelinda nyumba ya Al-Hamra, hapo Jeddah, anakokaa Madam, mke wa bosi, aliwangoja uwanjani na bahasha mbili. Hakutaka mazungumzo. Alizitoa, akaondoka.

Ya Alfayo ilikuwa na pasipoti, viza ya kutoka na tiketi ya saa moja jioni. Aliibusu ile pasipoti mbele za watu, akalia bila kujificha.

Bwana Holmer alichungulia bahasha yake, akaitikisa. Pasipoti haikuwemo. Ilianguka kadi moja tu, ikama, kibali cha ukaazi cha mfanyakazi, kama kile ambacho Alfayo alitembea nacho miaka saba, na juu yake picha ya mbunge amevaa tai.

"Alfayo," alisema, bado anatabasamu, "hapa chini ya jina langu wameandika nini?"

Alfayo alisoma neno lile lile lililo kwenye kadi yake. Kabla hajajibu, simu ikaita.

"Umepata yako?" aliuliza Abu Nawaf.

"Nimepata, bosi, Mungu akubariki. Lakini mgeni..."

"Mgeni mafi. Madam anangoja Al-Hamra saa kumi na moja. Yalla, mpe ufunguo wa gari."