Wiki ya Kumi na Sita

Tiketi tatu za treni ya Kopenhagen zilikuwa zimeshakatwa. Safari hii hakuna kukimbizana, Torkel aliwaahidi wanawe wawili. Kitu kimoja tu kwa siku, kisha aiskrimu na kujilaza kwenye nyasi, maana majira ya kuchipua yatakuwa yameshafika.

Binti yake wa miaka minane aliandika orodha kwa penseli ya kijani. Alipokuwa akiibandika kwenye friji, kando ya kalenda, akasita.

"Baba, wiki ya safari si ndiyo ya kumi na sita ya mwaka?"

"Ndiyo, mama."

"Lakini kumi na sita inagawanyika kwa mbili."

Torkel aliweka kikombe chini. Tangu aachane na mkewe, wiki zisizogawanyika watoto walikuwa kwake. Zinazogawanyika, kwa mama yao. Miaka mitatu, hajakosea hata mara moja.

"Nitamwomba mama yenu tubadilishane."

"Anatupeleka kwa bibi. Bibi ameshatandika vitanda."

Mtoto akabandua orodha, akaikunja mara nne, akaitumbukiza kwenye mfuko wa shati la baba yake. Akaupigapiga mfuko kwa kiganja, isije ikaanguka.

"Wewe nenda tu, baba. Aiskrimu yangu utanilia."