Kilomita Tatu za Mfereji

Mlinzi wa lango la maji alikuwa anakimbia na buti za mpira, na kila aliyepishana naye Jumamosi ile alicheka.

"Kocha, leo umeamua kututia aibu?" mmoja wa wakimbiaji wenzake alimpigia kelele kutoka ng'ambo ya mfereji.

Mlinzi alizidi kukimbia. Yeye ndiye aliyewachorea njia zao zote: ile ndefu ya kando ya mto, yenye kona ya mianzi ambapo kila mtu husimama kupiga picha, na hii fupi ya kando ya mfereji, isiyo na cha kutazama ila kuta za maghala na bata wachache. Kilomita tatu kamili kutoka langoni mpaka nyumbani kwa fundi wa mitambo. Alitazama maji tu. Yalikuwa yamebakiza shubiri moja yafike juu ya ukingo.

Mvua ilikuwa imenyesha milimani usiku kucha. Mfereji ukijaa, dawa yake ni moja: lango hufunguliwa, na maji hupita kwenye bomba pana, ambalo siku nyingine zote huwa kavu, yakamwagike mtoni. Ni kazi ya dakika tano. Lakini asubuhi hiyo gurudumu la kufungulia lilikuwa limetiwa kufuli jekundu la fundi, na fundi mwenyewe hayupo.

Mafundi wote wa pale hufanya hivyo. Kabla ya kugusa chochote unatia kufuli lako, unakaa na ufunguo wako, na mtu mwingine haruhusiwi kulifungua. Tatizo la huyu lilikuwa usahaulifu. Mwaka huu peke yake alishamaliza kazi mara tatu akaenda zake nyumbani, kufuli likabaki linaning'inia.

"Ni yale yale," msimamizi alisema alipoingia zamu saa moja, akipaza sauti kushindana na ngurumo za maji. "Baiskeli yake haipo, begi lake halipo, simu haipatikani. Nimemwita mpaka koo linaniuma. Katuacha kwenye mataa!"

Walijaribu msumeno. Meno yake yaliisha, kufuli halina hata mkwaruzo. Ndipo mlinzi alipokumbuka siri aliyowahi kudokezwa na fundi wakinywa chai. Sheria inasema ufunguo mmoja, lakini yeye, kwa kujijua alivyo, alichongesha wa pili akauficha nyumbani kwenye kabati la vyombo.

Barabara ya magari ilikuwa imefungwa kwa mafuriko. Simu ya mke wa fundi iliita tu bila kupokelewa. Ilibaki miguu.

Akiwa nusu ya njia, simu yake ililia. Alikuwa mkewe.

"Baba Pacha, maji yameingia jikoni." Alinong'ona, kama anayeogopa kuamsha watoto. Ilikuwa siku ya nne tangu ajifungue kwa upasuaji. Kusimama peke yake ilikuwa shughuli, sembuse kubeba vichanga wawili.

"Panda nao kitandani. Nafuata ufunguo, lango litafunguliwa sasa hivi."

"Fanya haraka, mume wangu."

Nyumba yao ndiyo iliyokuwa bondeni kuliko zote. Hakuwahi kuogopa hivyo maishani mwake, akaongeza mbio.

Mlango wa fundi ulifunguliwa na mama yake, bibi wa umri wa kutembelea fimbo.

"Mama, mwanao amefika?"

"Yuko kazini, baba. Kwani hamko pamoja?"

"Basi atakuwa njiani," mlinzi alisema. Hakukutana naye mferejini, kwa hiyo bila shaka alikuwa amepita njia ya mto na kona zake nzuri. "Kuna ufunguo wake kabatini, mama. Tafadhali, upesi."

Bibi alipekua sahani moja moja, taratibu, mpaka mlinzi akatamani kulia. Aliupata ndani ya birika bovu.

Buti aliziacha palepale mlangoni, akarudi peku. Maji yalikuwa yameshavuka ukingo na kumfika vifundoni. Wakimbiaji waliomcheka sasa walimpisha, na alipoteleza mmoja alimdaka mkono. Changarawe zilimchana nyayo, wala hakuzijali.

Ufunguo uliingia. Kufuli likafunguka. Yeye na msimamizi walilikumbatia gurudumu, wakalizungusha mpaka likagota. Chini yao bomba lilinguruma, na mfereji ukaanza kushuka, kidole kimoja, viwili, kisha shubiri nzima.

"Yanatoka," mkewe alisema kwenye simu huku analia. "Yanatoka jikoni, mume wangu. Watoto wamelala tu, hawana habari."

Mlinzi aliketi kwenye matope akacheka kama mwehu. Msimamizi alimpiga mgongoni.

"Una miguu wewe! Umeokoa mtaa mzima. Ila huyo fundi, nikimtia machoni, atanitambua."

Simu ikalia tena. Mara hii alikuwa mke wa fundi.

"Shemeji, ndiyo kwanza natoka sokoni, mama ananiambia ulikuja kuchukua ufunguo. Huyo mwenzako kapoteza wake tena?"

"Hata hatujamwona, shemeji. Si aliondoka kurudi nyumbani?"

"Arudi na nini, na baiskeli ninayo mimi?" Alicheka. "Mwacheni amalize kazi yake. Nilimwacha hapo alfajiri anaingia ndani ya bomba na begi lake la spana. Alisema mle simu haishiki, nisimtafute mpaka saa sita."