Mvua ya Wageni

Siku hizo mvua iligawiwa kwa kura za wageni. Shamba lililowafurahisha lilipelekewa wingu, lililowaudhi likaachwa likauke. Nakijwa na mumewe Sifueli, wakulima wa maharage milimani Upare, walimpokea kila mgeni kwa tabasamu la woga.

Mgeni wa safari hii alilalamikia harufu ya samadi, wakaifukia. Akalalamikia jogoo, wakamchinja. Siku ya kuondoka akamnyooshea kidole mbuzi mwenye mimba.

“Nichomeeni huyu.”

“Huyo hapana, mgeni wetu,” alisema Nakijwa.

“Mama Elinipa, maharage yanatoa maua,” Sifueli alinong’ona. “Mpe tu.”

“Nimesema hapana! Akitaka mboga, ipo. Hataki, njia ile pale.”

Mgeni akabonyeza kura yake kwenye simu, akaenda zake. Jioni wingu likaja, likapita juu ya paa lao, likaenda kumwaga kwa jirani.

Nakijwa akabeba karai la maji ya vyombo, akaanza kumwagilia shina moja moja.

“Na kesho?” Sifueli aliuliza.

“Kesho tutaogea humuhumu, kwenye maharage.”

Maji yaliisha kabla mstari wa kwanza haujafika nusu. Kwa jirani, mabati yalikuwa yakivuma kwa mvua.