Kompyuta ya Mzee Zefania

Kompyuta inayobadilishwa sharti kwanza itamke siri zake mbele ya mume na mke. Na aliyechungulia isiyo yake, yake nayo itasikilizwa. Kwa hiyo Mzee Zefania alipendelea kuiongezea kumbukumbu ile yake iliyojikokota.

“Hii mara ya tatu, Baba Eliakimu,” mkewe Perisi alisema. “Unaficha nini humo?”

“Sifichi kitu. Nailinda nyumba hii.”

“Basi tununue mpya.”

Fundi akaja, akaiwasha ile kuukuu, nayo ikatamka: “Mume ameandika mahubiri. Mke amenifungua kila alfajiri kwa miaka sita, akitafuta jina la mwanamke.”

Perisi aliinuka, akaileta kompyuta yake kutoka chumbani.

“Isiwashwe,” Zefania aliomba.

Fundi akaiwasha.