Mashine Iliyong'aa

Wanawake wa kikundi cha wafuga nyuki walimtuma Kabula dukani kuchagua mashine ya kukamulia asali, naye akachagua ya kuzungusha kwa kuwa iling'aa. Muuzaji alimuuliza, "Masega yenu yana fremu?" Kabula hakujua fremu ni nini. Akaona haya kuuliza, akajibu, "Tena nyingi."

Sasa wanawake wote walikuwa wameizunguka mashine hiyo. Masega yao yalitoka kwenye mizinga ya magogo, laini, hayana fremu ya mbao ya kuyashika. Kila Kabula alipozungusha mpini, yalivunjika yakawa uji.

"Bibi harusi kapendeza, kupika hajui!" mmoja alisema akiionyesha mashine, wakacheka.

Bibi Nyamizi hakucheka. Ndiye aliyeambiwa na Kabula mkutanoni, mbele ya watu, kwamba kitambaa chake cha kukamulia ni ushamba. Alikitoa kilekile, akakikung'uta, wakakijaza masega, kisha akamnyooshea Kabula ncha moja.

"Shika huko, mwanangu. Peke yangu siwezi."

Mola wangu, heri angenitukana, Kabula aliwaza. Akashika, wakasokota.

"Bibi," alisema kwa sauti ndogo, "fremu ni nini?"

"Hata mimi sijui. Sokota."

Asali ikaanza kutona, tone moja moja, ndani ya pipa linalong'aa la ile mashine.