Mkono wa Mama Zubeda

Siku hizi aliyepatwa na kiharusi huachwa akae nyumbani, mradi kila Ijumaa anyanyue mkono mbele ya daktari wa kwenye kioo cha kompyuta. Akishindwa, gari huja kumpeleka kituoni, na huko hatembelewi na mtu.

Mkono wangu wa kulia hauna uhai. Kwa hiyo mke wangu huchutama nyuma ya kiti, akapitisha mkono wake ndani ya kanzu yangu, wangu nikiuficha tumboni. Ameacha hata kupaka hina, isije ikatuumbua.

Leo daktari alisema, "Shikamoo, mzee Mngodo. Nyanyua mkono wa kulia."

Kanzu haikutikisika.

"Mama Zubeda," nilinong'ona, "nyanyua basi."

Alijibu, lakini maneno yalitoka yamevurugika, kama yangu siku ile nilipoanguka. Kisha kichwa chake kikaniegemea mgongoni, kizito.

"Daktari, si mimi! Ni mke wangu, yuko hapa nyuma!"

"Tulia, mzee," alisema kwa upole. "Kioo kinanionyesha uko peke yako. Gari limeshatoka."