Eda Ilipotangulia

Milango ya mtaani ilisoma masharti kwa kufuatana, na ikikuta la kwanza lililotimia, yaliyobaki haiyasomi. Bi Mwanamkuu, alipofiwa na mumewe, alimwagiza fundi aitangulize eda: kama mjane yumo edani, usifungue, la sivyo, kama kuna mgonjwa, fungua.

Mwezi wa pili mjukuu wake, Zuhura, akapandwa na homa kali.

"Fungua, kuna mgonjwa," bibi akasema.

"Mjane yumo edani," mlango ukajibu kwa adabu.

Fundi alipoitwa akaja dirishani, akashika nondo. "Hata shekhe angekuruhusu, mama. Lakini kubadili mpangilio, sharti mwenye nyumba aje ofisini mwenyewe."

"Nitokee wapi, mwanangu?"

Bi Mwanamkuu akalowesha kitambaa, akamfuta mtoto usoni, akahesabu siku za eda zilizobaki. Zilikuwa sabini.